Daktari wa Swala: shajara ya mradi wa otografu za wakati wa vita

13 Januari

Boksi la kwanza limefika. Ndani mna madaftari ya otografu ya watu waliokuwa sekondari hapa Mwanza na ng'ambo ya ziwa, Bukoba, kati ya 1978 na 1980. Aliyewahi kukaa bweni hahitaji maelezo. Unachukua kauntabuku, unaipiga mistari kwa rula, unaizungusha darasani muhula ukielekea ukingoni, na kila mwenzako anajaza ukurasa wake: jina, jina la utani, chakula, timu, somo analolichukia, msemo wake. Halafu kuna safu iliyonifanya nianze kazi hii, ile ya kuuliza unataka kuwa nani.

Madaftari mengi ya namna hii yalishafungia karanga zamani. Yaliyosalia yamesalia kwa sababu kuna dada au mke aliyekataa yasitupwe, na nimeanza kuwaogopa akina mama hao kuliko ninavyowaogopa wakaguzi wa elimu.

Lengo la mradi ni kupiga picha kila ukurasa, kuunakili kwa kompyuta, kutengeneza jedwali moja linalotafutika, kisha kukabidhi nakala kwa maktaba. Vitabu ninavyofundishia Vita ya Kagera vina vikosi, tarehe na majina ya majenerali. Havina mtoto wa kidato cha tatu aliyepanga foleni ya uji huku redio ya mwalimu wa zamu ikitangaza kwamba adui amevuka mpaka. Huyo nimemkuta humu.

Masharti tumeyaandika mwanzo kabisa ili tusije kugombana baadaye: hatutaji shule, hatutaji majina ya watu, na mwenye daftari ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya kila ukurasa.

20 Januari

Wasaidizi wangu ni wanafunzi wawili wa kidato cha tano kutoka klabu ya historia, binti na mvulana. Wametandaza karatasi ya manila ukutani na kuandika mwenendo wa vita. Oktoba 1978, ndege za Idi Amin, rais wa Uganda, zinaipiga Bukoba mabomu. Mwisho wa mwezi huo majeshi yake yanaingia Missenyi na kufika Mto Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere anazungumza Diamond Jubilee, Dar es Salaam, anasema uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Kesho yake Daraja la Kyaka linavunjwa. Januari 1979 Mutukula, Februari Masaka, 11 Aprili Kampala, mwanzoni mwa Juni askari wetu wako mpakani mwa Sudan.

Chini yake, kwa kalamu nyekundu, wakaweka kalenda ya shule: mitihani ya mwisho wa mwaka, likizo ya Desemba, muhula mpya wa Januari. Binti, ambaye yuko HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), alisimama akaiangalia kwa muda.

"Madam, kumbe walikuwa wanafanya mitihani vita ikiendelea?"

"Walikuwa wanafanya. Na wanafeli, na wanarudia shairi lile lile la kwamba vita ndiyo iliyowafelisha."

Jedwali limepata safu zake: daftari, ukurasa, mwaka, jinsia, matarajio, timu, chakula, msemo. Mvulana amependekeza safu ya ziada, ya kuonyesha kama tarajio lililoandikwa ni mzaha au si mzaha. Anasema mtafiti atakayekuja atataka kuwachuja wachekeshaji ili abaki na takwimu safi. Nimemwambia aiweke tuone itatufikisha wapi.

2 Februari

Leo tumekaa na mwenye daftari la jalada la kijani, mama mstaafu anayeishi upande wa Nyegezi. Alikuwa kidato cha tatu mwaka 1979 kwenye shule ya wasichana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibuni. Daftari hili nimelificha wajukuu wasilione, nyinyi mnakuja kulitangaza."

Tulifungua katikati. Ukurasa baada ya ukurasa, kwenye safu ya matarajio, wasichana wa darasa zima wanataka kuwa daktari wa swala. Mmoja anataka kuwa mjane wa swala. Mwingine katibu mwenezi wa umoja wa swala. Mmoja, nadhani alikuwa mwandishi mzuri wa insha, anataka kuwa mchongaji wa sanamu ya Swala Asiyejulikana, itakayowekwa stendi.

Wasaidizi wangu hawakuelewa kitu. Mama akawaeleza, na nimehakikisha maelezo yake yanakubaliana na historia iliyoandikwa. Mwishoni mwa Machi 1979, Libya ikiwa upande wa Amin, ndege yake ya kivita ilikuja kuipiga Mwanza. Ikaukosa mji. Makombora yakaangukia Kisiwa cha Saa Nane, pale ziwani mbele ya mji, ambapo wakati ule palikuwa na wanyama wa kutazamwa. Mfanyakazi mmoja akajeruhiwa kidogo, na swala kadhaa wakafa. Siku chache baadaye ndege zetu nazo zikaenda kupiga Uganda, lakini hilo bwenini halikupata nafasi kubwa. Habari ilikuwa swala.

"Ninyi mnacheka sasa," mama alisema, "lakini kabla ya siku ile tulikuwa tunalala na viatu. Kweli, viatu miguuni, na shuka juu. Tumechimba mahandaki nyuma ya bweni, taa usiku hakuna, matroni anapita na kusema anayekohoa anaita ndege. Halafu ndege inakuja kweli, na kumbe imekuja kuua swala! Siku ile usiku tulivua viatu."

Nilimwuliza kama kulikuwa na aliyeona vibaya kuwatania swala wakati kuna watu wanakufa mpakani. Alifikiri, akasema mkuu wa shule aliwakemea paredi asubuhi, akasema huu si wakati wa utani, na tangu siku hiyo yeye mwenyewe akapewa jina la utani la Bwana Nyama, yaani ofisa wa wanyamapori.

Tukiwa tunaaga akaturudisha. Mmoja wa wale walioandika daktari wa swala, alisema, alikwenda Morogoro kusomea tiba ya mifugo na akastaafu akiwa daktari wa mifugo wa wilaya. Mvulana akafungua kompyuta palepale nje kwenye kibaraza, akaenda kwenye safu yake ya mzaha, akakaa anaitazama.

"Mwandike ng'ombe," dada yake wa klabu akamshauri. "Ng'ombe si mzaha."

9 Februari

Kazi za mikono tu. Pini za stepla zimeshika kutu na kula karatasi, tunazitoa kwa kisu kidogo kabla ya kupiga picha. Kurasa zilizoandikwa kwa biki zimetulia. Zilizoandikwa kwa kalamu ya wino zimefifia hadi rangi ya chai, na hizo tunazipiga asubuhi karibu na dirisha, bila taa, simu ikiwa imewekwa juu ya ndoo mbili na ubao. Mashine ya kuskani tuliyoahidiwa bado haijaja. Ndoo hazijatuangusha.

17 Februari

Daftari la wavulana, kidato cha nne, lilianza kuzungushwa mwishoni mwa 1978 na likaendelea kujazwa hadi katikati ya 1979 kwa sababu mwenyewe alilipeleka nyumbani kwa wenzake. Mzee huyu anaongea taratibu na anapenda kuanzia mbali. Tulianzia kwa babu yake.

Majina ya utani kwanza. Wavulana wawili waligombania jina la Mti Mkavu, ambalo Mwalimu alimpa Silas Mayunga, mmoja wa makamanda wetu. Aliyelipata hakulipata kwa ushujaa, alikuwa mwembamba. Aliyekosa akajifariji kwa Jenerali Mutukula, jina la David Musuguri, na wenzake wakalikata hadi likabaki Muku. Hadi leo anaitwa Muku, na wajukuu wake hawajui kama babu aliitwa hivyo kwa ajili ya vita.

Matarajio yao ninayanakili hapa kwa mtindo wa kuhadithia, kwa kuwa mzee ametuomba maneno yenyewe yabaki kwenye daftari.

Kuna aliyetaka kuwa rubani wa MiG, ndege ya kivita. Mwenzake akaongeza chini, kwa mwandiko mwingine, kwamba yeye atakuwa kondakta wa MiG hiyo hiyo, wenye nauli kamili wakae mbele. Kuna aliyetaka kumiliki basi lisiloonekana kwa macho ya Serikali. Utani huo ulihitaji maelezo kwa vijana wangu. Vita ilipoanza, mabasi na malori ya watu binafsi na ya mashirika yalichukuliwa kupeleka askari na vifaa mpakani, Waziri Mkuu Sokoine akisimamia, na mwanafunzi aliyefunga shule Desemba alijikuta na sanduku la bati kichwani na barabara isiyo na gari. Mzee anasema yeye alifika kwao kwa trekta, kisha mkokoteni, kisha miguu, na mama yake alipomwona alidhani ametoroka jeshini.

Kuna aliyetaka kuwa refa. Huyu amenifurahisha kuliko wote. Amin alikuwa bondia enzi za jeshi la mkoloni, na wakati wa vita alitoa wazo kwamba yeye na Nyerere wamalize ugomvi ulingoni, Muhammad Ali akiwa refa. Mvulana wa kidato cha nne hapa Mwanza akaona hiyo kazi asipewe Mmarekani. Akaandika kuwa atafanya bure, kwa sharti moja: akihesabu, ataanzia tisa.

Halafu kuna bepari. Yaani kijana ameandika kwa herufi kubwa, bila kupepesa, kwamba anataka kuwa bepari, mwaka wa 12 wa Azimio la Arusha, katika shule ambayo kipindi cha Siasa kilifundisha kwamba bepari ni kupe, mnyonyaji, mtu wa mirija. Pembeni amechora mirija yenyewe, imetumbukizwa kwenye ndoo ya uji wa shule. Mzee anasema daftari lilikamatwa na mwalimu wa Siasa kwa ajili ya ukurasa huo, na mwenye ukurasa akajitetea kwamba alitaka kuwa bepari ili wenzake wapate wa kumpindua. Mwalimu akarudisha daftari. Sijui kama alishindwa hoja au alishindwa kuzuia kicheko, na mzee naye hajui.

Yapo na ya mpira. Shabiki wa Yanga anataka kuwa golikipa atakayerudi kwenye mechi ya Julai 1977 kudaka mabao sita ya Simba, moja moja. Shabiki wa Simba, aliyejaza mwaka 1979, anataka kuwa mchezaji wa Simba lakini Zambia tu, maana ndiko waliko kwenda kuwafunga Mufulira Wanderers 5-0 baada ya kufungwa 4-0 nyumbani. Na yuko mmoja anayetaka kumpita Filbert Bayi mbio, ila kwa king'ora badala ya bastola. Anasema ameshafanya mazoezi ya kutosha.

Mvulana wetu amejaza safu yake ya mzaha kuanzia juu hadi chini: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Amefurahi kuona jedwali limenyooka. Binti alikuwa kimya, halafu akauliza swali ambalo nimeliandika kwenye ubao wetu na bado lipo: kama hawa wote wanatania, mbona kila utani una gari lililochukuliwa, au uji, au king'ora ndani yake?

18 Februari

Nimelala na swali la binti. Safu ya *msemo* ni nzito sana kwenye madaftari yote: nduli lazima ang'olewe, umoja ni ushindi, mstari wa hotuba ya Mwalimu umenakiliwa kwa mwandiko wa kujipinda. Ukisoma safu hiyo peke yake utadhani darasa zima liko kwenye mkutano wa hadhara, na usingejua kwamba mabasi hayapo au kwamba watoto wanalala na viatu. Ukitaka kujua hayo unakwenda kwenye matarajio, kwa wachekeshaji. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu tosha ya kutowachuja.

Kuna mmoja tu aliyechanganya safu mbili. Kwenye msemo ameandika uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo, ugali wa kuongeza hatuna.

25 Februari

Ukurasa wa 31 wa daftari la wavulana. Tarajio: kuwa Daraja la Kyaka.

Hivyo tu. Hakuna mchoro, hakuna mwandiko wa pili chini yake, jambo ambalo katika daftari hili ni ajabu, kwa kuwa hakuna ukurasa uliopita bila mtu kuongeza lake. Mvulana alishaujaza: mzaha, ndiyo. Mtu hawezi kuwa daraja.

Nilimpigia mzee simu kumwuliza kama anamkumbuka. Akasema nije, hayo si ya kwenye simu.

Kijana huyo kwao kulikuwa Missenyi, ng'ambo ya Mto Kagera, katika eneo ambalo majeshi ya Amin yalilikalia mwisho wa Oktoba 1978 na Amin akatangaza kuwa ni la Uganda. Watu waliuawa, maelfu ya ng'ombe wakaswagwa kuvuka mpaka, walioweza kukimbia walivuka mto kuja kusini. Kisha daraja likavunjwa. Yeye alikuwa hapa Mwanza, bweni, kitanda cha juu. Hakujua wazazi wako upande gani wa mto. Barua hazikuwa zinakwenda. Likizo ilipofunguliwa wenzake wakatafuta malori, yeye akabaki shuleni na mpishi na mlinzi. Jeshi letu lilitandika daraja la muda likavuka na kumfukuza adui, lakini raia kurudi na habari kufika ni mambo mengine.

"Alikuwa mchekeshaji kuliko sisi wote," mzee alisema. "Yule kondakta wa MiG ni yeye. Daftari lilipomfikia kwa ukurasa wake mwenyewe tukangoja, tukajua hapa tutakufa kwa kucheka. Akaandika, akanirudishia, akaenda kucheza mpira. Sisi tukasoma, tukapitisha daftari kwa mwingine."

Wazazi walikutwa hai. Walikuwa Muleba kwa ndugu tangu Novemba na walikuwa wanaamini kwamba shule imefungwa na mtoto yuko vitani.

Nilirudi na kuwasimulia wasaidizi wangu. Mvulana alisogeza kiti, akafuta "ndiyo" kwenye mstari wa 31, akaandika "hapana", akafuta na hiyo. Kisha akarudi juu kwa kondakta wa MiG, maana ni mtu yule yule, mwandiko ule ule. Tumeacha kazi mapema leo.

8 Machi

Bukoba, kwa meli ya MV Victoria, safari ya usiku. Zamani mkoa huu uliitwa Ziwa Magharibi, na jina la Kagera limekuja 1979, vita ikiwa bado haijapoa. Kwenye madaftari ya huku unaliona badiliko hilo kwa macho: ukurasa wa mwanzo wa mwaka unasema Ziwa Magharibi, wa mwisho unasema Kagera, na mmoja umekatwa mstari na kuandikwa upya.

Nilitegemea huku ndiko kwenye utani mwingi wa vita, kwa kuwa vita ilikuwa mlangoni. Hakuna. Madaftari ya 1978 na mwanzoni mwa 1979 yanatania walimu, yanatania ndizi zisizoiva, yanatania waliojisahau wakaongea Kihaya darasani. Kuhusu vita, safu ya matarajio inasema nesi, askari, padri, mwalimu. Mama mmoja aliyetupokea na senene wa kukaanga ananiambia bila kuzunguka: "Sisi tuliziona ndege zenyewe. Vioo vilivunjika. Utani wa nini?"

Kwa hiyo swala ni wa Mwanza. Ulihitaji kuwa na ziwa katikati, na kombora liwe limekosea, ndipo darasa zima litake udaktari. Huku utani wa vita unaanza kuonekana kwenye daftari la mwaka 1980, na hapo ni mwingi mno, unamwagika. Mmoja anataka kuwa handaki, apumzike.

Safari ya kurudi ziwa lilichafuka. Boksi nililishika mapajani usiku kucha.

22 Machi

Tumemaliza kunakili ya 1980, na vijana wameona wenyewe kwamba ndoto zimehama. Hakuna tena MiG. Mwalimu alikuwa amewaambia wananchi wafunge mikanda miezi 18, vita imekula fedha za nchi, na madukani rafu ziko wazi. Sasa kazi ya ndoto ni moja, meneja wa RTC, kampuni ya biashara ya mkoa, yaani mtu anayelala chumba kimoja na sukari, sabuni na vitenge. Wasichana wawili wanataka kuolewa naye, mmoja anataka kuwa mama mkwe wake. Kuna anayetaka kuwa mkanda wa Taifa, kwa sababu kila mtu anaambiwa aukaze na hakuna anayeuliza wenyewe unajisikiaje. Kuna anayetaka, kwa sentensi moja, kuoga na sabuni.

Shabiki mmoja wa Simba ameandika kwamba chakula anachokichukia ni ugali wa Yanga. Nikalazimika kueleza kwamba unga wa mahindi ya njano ya msaada uliitwa hivyo kwa rangi yake, na kwamba mtu wa Simba aliukuta sahanini kama adhabu ya ziada. Mvulana, ambaye ni Yanga damu, amesema hiyo ni mzaha bila shaka yoyote. Binti, Simba, amesema si mzaha hata kidogo.

Na JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Kwa waliokuwa wanaelekea kidato cha sita, mwaka mmoja wa jeshi kwa mujibu wa sheria ulikuwa mbele yao, na Azimio la Musoma lilikuwa limefunga mlango wa kutoka darasani moja kwa moja hadi chuo kikuu. Wanaandika kwamba wanataka kuwa afande wa afande. Mmoja ametaja kabisa adhabu atakazotoa na saa atakazozitoa. Ukurasa huo una mpangilio mzuri kuliko andalio langu la somo.

5 Aprili

Kikao cha jedwali. Mvulana mwenyewe ndiye aliyeleta hoja ya kuifuta safu ya mzaha. Amesema kila akijaza anajikuta anapiga simu kwa wazee. Binti akataka ibaki lakini ibadilishwe swali, iulize ni kitu gani kilichotaniwa: usafiri, chakula, ndege, mto, siasa, jeshi. Tumekubaliana hivyo. Tayari inafanya kazi. Ukiandika "usafiri" unapata kurasa za Desemba 1978 na Januari 1979 zimejipanga zenyewe, ukiandika "sabuni" hupati kitu kabla ya mwisho wa 1979. Mstari wa 31 tumeuweka chini ya "mto", uko peke yake.

Limebaki suala moja la ruhusa. Mwalimu wa hesabu wa shule ile ya wavulana ameandikwa kwenye kurasa nyingi kwa jina la Saba Saba, ambalo ndilo walioko upande wa pili walivyoiita mizinga yetu ya roketi, kwa sababu alikuwa anamimina maswali mfululizo na hakuna aliyejua litakaloangukia kwake. Mzee mwenye daftari aliomba tulifunike kwenye picha zote. Mwalimu yu hai, ni mzee wa kanisa, wanasali pamoja na wanakaa benchi moja.

Jioni hii amenipigia.

"Mwanangu, ile kazi ya kufunika mmeshaanza?"

"Tunaanza kesho, baba."

"Acheni. Nimemwuliza mwenyewe baada ya ibada. Kumbe alilijua jina lake tangu siku ya kwanza. Amesema liachwe kama lilivyo, lakini ana sharti. Kitabu chake cha alama cha mwaka 1979 anacho kabatini. Anataka mkiweke nacho."

Nikamweleza kwamba alama za watu hatuwezi kuzitoa, sheria zetu haziruhusu. Nikasikia anafunika simu kwa mkono, anazungumza na mtu pembeni, kumbe walikuwa wamekaa pamoja. Akarudi.

"Anasema basi, majina hayataki. Anaomba alama moja tu, ya huyo aliyetaka kuwa bepari. Alipata 12 kwa 100."